Mada: Nimerudishiwa fomu ya viza (mafunzo ya tiba ya kiwewe, Mwanza)

Binti Kirumba, Hamburg
Wakubwa shikamooni. Tangu nichukue uraia wa Ujerumani, naomba viza ya kwenda kwetu kama mgeni. Mwezi ujao nina wiki mbili Mwanza kuwafundisha washauri nasaha 14 NET, tiba ya kiwewe kwa kusimulia maisha. Niliomba ya matembezi, wakakataa: kufundisha ni kazi. Afisa mmoja anasema niombe ya biashara, dola 250. Mwingine anasema kibali cha ukaazi daraja C. Na barua ya mwaliko iandikwe na hospitali au mkoa? Tiketi nimeshalipa.

Mzee wa Nansio, Leicester
Marahaba binti. Vitanda vyangu vya zahanati vilikaa bandarini miezi minne kwa kukosa karatasi moja, na kila siku gharama ya kuhifadhi inapanda. Ila kwani hospitali ya Bugando hapo Mwanza hawana madaktari wa akili, mpaka mtu atoke Ulaya?

Mama Koku, Minneapolis
Kaka, soma vizuri. Hajasema hawapo. NET haihitaji daktari. Kambi ya Nakivale, Uganda, walifundishwa wakimbizi wenyewe, wakawatibu wenzao. Dada, unalipwa au unajitolea? Daraja C ni la wanafunzi, watafiti na wanaojitolea.

Binti Kirumba
Najitolea. Na Mzee, siendi kugawa vyeti nikaondoka. Kwa miezi sita baada ya mafunzo tutakutana kila Alhamisi kwa video, kila mshauri na mgonjwa wake. Kazi yenyewe ni hivi: mgonjwa anatandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Kwenye jema anaweka ua, kwenye lililomuumiza jiwe. Kisha mnarudi jiwe moja moja, anasimulia mwanzo mpaka mwisho, alichosikia, alichonusa, nawe unaandika, halafu unamsomea. Nilipojifunza, jiwe langu la kwanza lilikuwa Mei 21, 1996.

Mzee wa Nansio
MV Bukoba. Shemeji yangu alikuwemo. Walipotoboa ile meli kuwaokoa waliokuwa wakigonga ndani, hewa ikatoka, ikazama yote. Siku zile tulipewa sanda na sala, basi. Hakuna aliyeniuliza unalalaje. Hata kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ukara 2018, wakafa watu 228, mdogo wangu aliambiwa ajikaze. Hadi leo hapandi kivuko. Nisamehe kwa lile la Ulaya.

Mwana Sengerema, Toronto
Haya yote ni kwa kukosa uraia pacha! Mkenya anao tangu Katiba ya 2010. Sisi mtoto wa Kirumba analipia dola kwenda kuwatibu ndugu zake.

Mama Koku
Wewe kila mada uraia pacha. Dada kauliza viza.

Mwana Sengerema
Ndiyo viza hiyo hiyo, mama!

Binti Kirumba
Asanteni. Bado sijajua barua: hospitali au mkoa? Ofisi inafunga Ijumaa saa sita.

Mzee wa Nansio
Ukifika, pita Igoma kwenye makaburi ya meli. Simama kidogo kwa ajili ya shemeji. Mimi miaka kumi na moja sijafika.