Nimeruhusiwa kukaribia kiwanja: nishuke sasa hivi au nisubiri?

MwanagenziWaAnga:
Wakuu, salaam. Najifunza kuruka kwa vyombo (kufuata vipimo bila kuona nje), ndege ya injini moja, rubani mmoja. Ramani ya kiwanja inaonyesha kimo cha chini kabisa: futi 4,000 hadi alama ya kwanza, kisha 3,000, kisha 2,200. Mwongoza ndege kaniweka 5,000, na nikiwa bado mbali anasema nimeruhusiwa kukaribia. Je, niko huru kushuka moja kwa moja hadi 2,200? Darasani tumegawanyika.

MzeeWaMawingu:
Hapana, mdogo wangu. Baki kwenye kimo ulichopewa mpaka uingie njia iliyochorwa kwenye ramani, ndipo ushuke ngazi kwa ngazi.

Utata huohuo uliua watu 92 tarehe 1 Desemba 1974. Ndege ya abiria ya Marekani, TWA 514, Boeing 727, ilikuwa inaelekea kiwanja cha Dulles, karibu na Washington. Wale marubani walipopata ruhusa wakaanza kushukia futi 1,800 wakiamini rada inawaangalia, wakagonga mlima, Mount Weather, Virginia. Na chumba cha marubani kilikuwa na watu watatu! Baadaye Marekani iliweka kanuni wazi, na ndege kubwa za abiria zikalazimishwa kufungwa kifaa kinachoonya ardhi ikikaribia. Kandege kako huenda hakana. Ukisita, uliza redioni udumishe kimo gani, mpaka wapi.

Sindano3:
Naongezea. Ngazi zote unaweza kuzijua na bado altimita (kipima kimo) ikakudanganya kwa QNH iliyopitwa, yaani shinikizo la hewa la kiwanjani unaloliweka kwenye altimita. Hektopaskali moja (kipimo cha shinikizo) ni kama futi 28. Ukiacha 1013, shinikizo la kawaida, na kiwanjani ni 1003, inakuonyesha uko juu kuliko ulipo kwa karibu futi 280. Baridi kali nayo inadanganya upande huohuo, hata QNH ikiwa sahihi.

Kibonyezo:
Mbona mnajitesa? Washa otopailoti, ikushikie kimo.

Sindano3:
Itashika kwa QNH uliyoiweka wewe, mkuu. Tena za ndege ndogo, hasa za zamani, nyingi hushika kimo pale unapobonyeza tu. Hazijui pa kusimama.

MwanagenziWaAnga:
Nimewaelewa. Na kupitiliza ngazi je? Mikono inakuwa imejaa kwelikweli.

MzeeWaMawingu:
Chukua asilimia 10 ya kasi ya kushuka. Unashuka futi 700 kwa dakika? Anza kusawazisha futi 70 kabla. Zikibaki futi 1,000 kufika kimo unachokitaka, sema kwa sauti, hata kama uko peke yako. Kuanzia hapo usibadili frikwensi wala kukunja ramani mpaka ndege itulie. Mwongoza ndege akikuita katikati, mjibu "standbai" (subiri) na uendelee na sindano yako.