Tupeane uzoefu: mtoto wako aliishia chanjo ipi, na nini kilikwamisha?

Mwanzisha mada (Ruangwa)

Wakuu, habari za leo. Chanjo za watoto nchini ni bure. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta watoto wa miezi 12 hadi 23 waliopata chanjo zote za msingi ni asilimia 75, na walioachwa wengi wanatoka kaya masikini. Huku kwetu Kusini nasikia watu wakisema akina mama wa vijijini "hawana mwamko". Nakataa. Wengi walianza vizuri kabisa, sindano ya kifua kikuu kovu lipo begani, matone ya polio walipewa, kisha wakakatikia njiani. Naomba mlioishi haya mseme wenyewe. Wana-Mtwara na Lindi, karibuni.

Mama Mapacha, Newala

Wangu walikatikia surua ya miezi 9. Ilianguka katikati ya msimu wa korosho, tumehamia shambani, tunalala bandani. Korosho ikidondoka usipookota unaibiwa, na ile ndiyo hela ya mwaka mzima. Bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa elfu kumi, na siku hiyo kazi imelala. Nikajikaza nikaenda. Nikafika, nikaambiwa watoto ni wachache, hatufungui kichupa, rudi siku ya kliniki. Jamani, niliketi kwenye benchi na watoto wawili mapajani, na hela ya kurudi tena sina.

Halafu kuna jambo watu hawalisemi. Kliniki kwetu mama anaenda kapendeza, kanga doti mpya, mtoto kavaa kofia ya kufuma. Mwenye kanga iliyopauka anatazamwa juu mpaka chini. Namjua jirani aliyeacha kwenda kwa hilo tu.

Mke wa Mvuvi, Kilwa

Pole sana dada. Sisi ni watu wa dago, yaani kambi za wavuvi. Kusi likivuma tunahama na vyombo, huku miezi miwili, kule mitatu. Mwanangu alipata chanjo za wiki 6 mahali pengine, za wiki 10 pengine, kadi ikalowa baharini. Zahanati ya tatu wakaniuliza, "Tutajuaje kapata nini?" Kumbukumbu ziko kwenye daftari la kituo kingine. Maneno yalikuwa makali, mbele za watu. Sikurudi pale.

Bint Shangani, Mtwara mjini

Mimi nimeajiriwa, acha niseme upande wangu. Likizo ya uzazi ni siku 84 na mshahara unaingia. Kituo kiko mtaa wa pili, mume ana pikipiki. Chanjo ya wiki 14 iliponikuta nimesharudi kazini, nilimwomba bosi ruhusa ya asubuhi moja, yakaisha. Dada anayenisaidia nyumbani ana mtoto wa rika lile lile na wangu, kamwacha kwa bibi huko Nanyamba. Wangu kadi imejaa. Wa kwake ana mihuri miwili. Yeye ndiye alikuwa akimbeba wangu tukienda kliniki. Nilipolitambua hilo niliumia sana, na tukapanga amlete mtoto huku.

Babu wa Liwale

Mjukuu nalea mimi, mama yake yuko Dar anatafuta maisha. Nilipompeleka swali la kwanza lilikuwa "mama yake yuko wapi?" Walimchoma, nawashukuru. Ila mzee mwenzangu mwenye haya angegeuza.

Nesi wa Kijijini

Poleni nyote. Mama Mapacha, naomba nieleze habari ya kichupa. Cha surua-rubela kina dozi 10, na ukishakichanganya, ndani ya saa 6 kinachobaki kinamwagwa. Cha kifua kikuu huwa na dozi 20. Mjini watoto wanatimia kabla ya saa nne asubuhi. Kijijini wanakuja wawili, nesi anaogopa kuulizwa dozi zilizomwagwa. Kwa hiyo anayetoka mbali ndiye anayerudishwa, na ndiye asiye na nauli ya kurudi. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na mimi nafungua. Dozi 9 kumwagika ni nafuu kuliko surua kuingia kijijini.

Kilichosaidia sana kwetu ni kliniki ya mkoba: tunabeba kibebeo chenye barafu mpaka kitongojini. Pikipiki ikikosa mafuta, mkoba hauendi, na wa kitongojini ndio wanaokosa.

Mke wa Mvuvi, Kilwa

Nesi, wangu sasa ana mwaka na miezi mitatu. Bado anapokelewa, au ataanza upya?

Nesi wa Kijijini

Anapokelewa, dada yangu, na haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia. Surua ya kwanza apewe sasa hivi, usingoje miezi 18. Ya pili itafuata. Kadi iliyolowa nenda nayo hivyo hivyo, hata muhuri mmoja ukisomeka unasaidia. Kama haisomeki kabisa, wataje vituo ulivyopita wapigiwe simu waangalie daftari. Niandikie pembeni uko dago gani, nikutafutie siku yao ya kliniki.