Harusi ya Rukia: gumzo la kikundi cha Ukoo wa Kibokoni

Jumanne, 29 Septemba 2020

[07:02] Shangazi Mwanaisha: Asalaam aleikum jamaa. Mlimsikiza Rais jana kuhusu korona? Harusi sasa ni watu 200, si 100 tena. Kafyu imesogezwa mpaka saa tano usiku. Basi harusi ya Rukia haina kisingizio. Nataka tuimalize leo.

[07:03] Shangazi Mwanaisha: Mimi nasema Ijumaa tarehe 16 Oktoba. Tukichelewa Mfungo Sita utaandama na watu wote watakuwa kwa maulidi.

[07:05] Shangazi Mwanaisha: Mwenye ukumbi nishazungumza naye. Ile arubuni ya Machi bado anayo. Akiongezwa kidogo atuwekea siku.

[07:44] Shangazi Mwanaisha: Nawaona mnasoma. Tiki za buluu zimejaa na jibu hakuna.

[08:10] Fauz: Waaleikum salaam shangazi. Twasoma pole pole, bando ni la shilingi ishirini 😂

[08:13] Mama Rukia: Waaleikum salaam. Rukia yuko kazini, akirudi nitamwambia.

[08:14] Shangazi Mwanaisha: Aambiwe nini tena? Mtoto kavunjiwa harusi mwezi wa Shaabani, kadi zishagawanywa, mbuzi washalipiwa. Wiki ile ile kafyu, kisha Mombasa ikafungwa. Amengoja vya kutosha.

[10:26] Salma: Asalaam aleikum. Ndio nimetoka zamu ya usiku. Shangazi, kwa heshima zako, nina neno.

[10:31] Salma: Rais alisema kati ya wanaopimwa, wanaopatikana na ugonjwa walikuwa asilimia 13 Juni, 8 Agosti, na sasa 4.4. Hata sisi wodini twaona vitanda vyapungua, alhamdulillahi. Lakini Shirika la Afya Duniani lasema ikae chini ya 5 kwa wiki mbili ndipo ulegeze, na upimaji uwe mpana. Siku hizi hawapimwi wengi kama Agosti. Usiyempima humjui.

[10:33] Salma: Na yeye mwenyewe Rais ameongeza kafyu siku 60. Mtu anayeamini yamekwisha haongezi siku 60.

[10:35] Salma: Sisemi msifanye harusi. Nasema tungoje tuone huku kulegeza kutaleta nini. Na ile sherehe ya kupamba bibi harusi, ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha, wanawake 200 waimba saa nne nzima, hilo mimi siliwezi kulinyamazia.

[10:52] Omari: Salma dadangu, wewe mshahara waingia. Mimi hoteli ilituambia twende nyumbani tangu Machi. Ndege za nje zimerudi tangu tarehe 1 Agosti, bado naambiwa ngoja utapigiwa. Kila anayesema tungoje wiki mbili, wiki mbili zake huzaa wiki mbili nyingine. Watu wafungue wafanye kazi.

[10:55] Salma: Omari, mshahara waingia, nami kila nikirudi nyumbani navua nguo mlangoni na mwanangu simkumbatii mpaka nioge. Njaa yako naijua. Kazi zifunguliwe, mimi sikatai. Lakini harusi si kazi.

[10:58] Omari: Kwa mpishi ni kazi. Kwa mpambaji ni kazi. Kwa mwenye viti na maturubai ni kazi.

[11:04] Fauz: Mimi nina dawa. Wanaume 200 msikitini, wanawake 200 ukumbini, na 200 jikoni kwa pilau. Harusi tatu!

[11:06] Shangazi Mwanaisha: Fauz kwa mara ya kwanza umesema la maana. Wanaume na wanawake hawakai pamoja, basi hesabu ni mbali mbali.

[11:07] Salma: Shangazi!!

[11:09] Omari: Pilau ya nani? Harusi ni biriani.

[11:10] Fauz: Biriani sawa, lakini sufuria ile isije. Mwajua niisemayo

[11:10] Mama Rukia: 😂😂 Fauz wewe

[11:12] Omari: Sufuria haikuwa na makosa, moto ndio ulikuwa mkali.

[11:15] Shangazi Mwanaisha: Jamani TAREHE. Nimeuliza tarehe, mwaniletea sufuria.

[13:20] Ami Twahir: Nani kavunjiwa harusi?

[13:21] Fauz: Ami hayo ni ya Machi 😂

[14:02] Hafswa London: Asalaam aleikum nyote. Shangazi nakuelewa, lakini tazameni huku kwetu. Julai walifungua mikahawa na baa. Agosti serikali ikalipa nusu ya bili ya chakula ili watu watoke wakale nje. Sasa maambukizi yako juu tena. Kuanzia jana harusi Uingereza ni watu 15 tu. Waliotoa kadi wameanza kupiga simu kuwaomba watu msamaha.

[14:03] Hafswa London: Bora kuchelewa kufungua kuliko kufungua ukafunga tena. Rukia akivunjiwa mara ya pili tutamwambia nini?

[14:30] Athmani: Kumi na tano. Nambari hiyo naijua.

[14:31] Shangazi Mwanaisha: Athmani, si leo.

[14:36] Athmani: Leo ndio siku yake, maana naona orodha nyingine yaja. Mei, Mji wa Kale umefungwa, majina 15 ya mazishi yalipelekwa kwa chifu, na langu halikuwemo. Mama Mwana ndiye aliyenilea. Nilisimama kizuizini mpaka nikapigiwa kuambiwa ameshazikwa.

[14:38] Shangazi Mwanaisha: Chifu alinipa nusu saa. Niliandika waliokuwa ndani ya kizuizi. Wewe ulikuwa Kisauni. Nifanyeje?

[14:39] Athmani: Wa Likoni waliandikwa.

[14:41] Shangazi Mwanaisha: Ujumbe huu umefutwa

[14:45] Fauz: Jamani tunywe maji kwanza

[14:46] Athmani: Fauz wacha. Si la mzaha hilo.

[14:46] Fauz: Samahani kaka.

[14:52] Salma: Athmani pole sana. Siku zile hata kupimwa watu walijificha, wakiogopa watapelekwa karantini na watalipishwa. Kila mtu aliogopa mwenzake. Ndio maana mimi sitaki turudi kule kwa sababu ya usiku mmoja wa kupamba.

[14:53] Athmani: Mimi harusi siipingi. Nauliza tu, mia mbili hizi, nani aandika?

[16:40] Mama Rukia: Bi Mkubwa nimemsomea yote tangu asubuhi. Ametuma sauti, naandika kwa wasiokuwa na bando.

[16:44] Mama Rukia: «Mwanaisha, nimesikia. Mimi tangu Machi sijavuka kizingiti. Babu yenu, walipofungua misikiti Julai, wakasema aliyepita miaka 58 asiende. Naye sabini na kitu, akaswali chumbani, wala hakumlaumu mtu. Mama Mwana alizikwa na watu kumi na watano, Mungu amrehemu, na maziko yalitimia. Basi na nikahi hutimia na wachache. Mfungisheni Rukia, baada ya Laasiri, watu watawanyike. Kupamba kutangoja. Sitaki kuletewa maradhi kwa jina la furaha. Na hiyo orodha ya nikahi ataiandika Athmani.»

[18:57] Shangazi Mwanaisha: Sawa mama. Tumesikia.

[19:01] Ami Twahir: Bi Mkubwa kasema.

[19:30] Omari: Mimi nitabeba viti bure. Lakini mpambaji mwambieni mapema, naye alikuwa ategemea.

[19:48] Athmani: Nitaiandika. Wote wataingia, wa Kibokoni na wa Kisauni. Nipeni mpaka Ijumaa.

[20:15] Shangazi Mwanaisha: Na arubuni ya ukumbi? Mwenyewe ataka jibu kesho asubuhi. Nimwambie Desemba? Januari? Salma, wewe wa wodini, Januari patakuwa pazuri?

[21:22] Fauz: Mwajua leo niko na tuktuk barabarani saa hizi na hakuna anayenikimbiza? Tangu Machi sijauona mji usiku. Mwembe Tayari kahawa yauzwa.

[21:25] Omari: Ninywee moja.

[21:40] Rukia: Asalaam aleikum. Nimesoma yote. Kupamba nitangoja, sina neno, na Bi Mkubwa asante. Lakini tarehe 16 haiwezekani. Bwana harusi yuko zamu bandarini mpaka usiku, na wakati huu haombi ruhusa mtu. Jumamosi tarehe 17 ndio yuko huru.

[21:42] Shangazi Mwanaisha: Jumamosi Laasiri msikitini kuna darsa.

[21:43] Rukia: Najua shangazi.

[21:47] Shangazi Mwanaisha: Basi nitazungumza na imamu baada ya Alfajiri. Salma hujanijibu la Januari.

[22:09] Mama Rukia: Salma ashaingia zamu.

[22:31] Ami Twahir: Kwa hivyo ni Ijumaa?