Mliokula chakula cha Kihungari kulekule kwao, tupeane uzoefu

Wakuu habari za wikendi. Naishi Budapest na kinachoniuma ni kuona ndugu zetu wanakuja huku, wanakula kebabu na baga za stesheni, halafu wanaondoka wanasema Hungaria hamna msosi. Msosi upo tena mzito kwelikweli ila inabidi ujue uingie wapi na saa ngapi. Naanza mimi: mchana saa sita mpaka saa nane tafuta étkezde, vile vimgahawa vidogo vya mtaani vyenye meza chache na vitambaa vya miraba, wafanyakazi wamepanga foleni, uulizie napi menü yaani mlo wa siku. Unaletewa supu kwanza halafu sahani kubwa, na bei yake huwezi kulinganisha na zile sehemu za watalii karibu na mto. Mara ya kwanza nililetewa gulyás nikashangaa mbona ni supu, maana huko kwingine duniani wanaipika kama mchuzi mzito. Hapa kwao gulyás ni supu ya nyama ya ng'ombe, viazi, karoti, kisibiti na paprika nyingi, yaani ule unga wa pilipili nyekundu, walikuwa wanaipika wachungaji nje kwenye chungu cha kuning'iniza juu ya moto. Ule mchuzi mzito wenyewe unaitwa pörkölt. Haya leteni zenu, mlo gani, mji gani, na mlihudumiwaje.

Mjaluo wa Debrecen:
Mimi nilikuja na ile skolashipu ya serikali yao, Stipendium Hungaricum, na hapa chuoni tuko Wakenya kadhaa. Kitu kilinishika ni főzelék, mboga kama maharage mabichi, mchicha ama dengu inapikwa mpaka inakuwa nzito halafu inawekwa yai ama kipande cha nyama juu. Ni chakula cha nyumbani kabisa, watoto wanakula shuleni na wazee wanakula, na kwa mtu amezoea sukuma na ndengu unashiba vizuri. Halafu soseji za Debrecen, zile wanauza mbili mbili na haradali na mkate, hizo msipite bila kuonja.

Mtoto wa Malindi Zenji:
Assalaam aleikum. Kwa sisi Waislamu nasema wazi, Hungaria wanapikia sana mafuta ya nguruwe, hata vitunguu vya kwenye mchuzi wa kuku vinaweza kuwa vimekaangiwa humo, kwa hiyo ukiona sertés au disznó kwenye menyu ruka, na hata usipoona muulize mhudumu wamepikia nini, hawachukii kuulizwa. Mimi nilisoma Szeged na kilichoniokoa ni samaki. Halászlé jamani! Supu nyekundu ya samaki wa mtoni, kambare na kapi, ina paprika mpaka midomo inawaka. Szeged wanachemsha samaki wadogo na vitunguu halafu wanavisaga na kuchuja, ndo mchuzi unakuwa mzito, kisha wanatia vile vipande vikubwa. Watu wa mji wa Baja upande wa mto Danube hawachuji, wao wanakula na tambi nyembamba, na ubishi wa nani anaipika vizuri zaidi hauishi. Mwezi wa Julai Baja wanafanya sikukuu yao wanajaza vyungu mjini, moshi kila kona. Niliyekaa naye meza moja akanifundisha kwamba ukishatia samaki hukorogi, unatikisa chungu tu ili asivurugike. Mimi mtoto wa pwani lakini pale nilimkubali mzee wa watu. Nilikula nikaomba na mkate wa kufutia bakuli.

Dada wa Mwanza:
Wa Zenji umenikumbusha mbali kaka yangu. Mimi ni mtu wa vitu vitamu. Nendeni mkale keki ya Dobos, mpishi József Dobos aliionyesha kwenye maonyesho ya Budapest mwaka 1885, tabaka za keki nyembamba, siagi ya chokoleti katikati, na juu sukari iliyounguzwa ngumu inapasuka ukiigonga na uma. Kuna duka la keki kule juu Buda linaitwa Ruszwurm, lipo tangu 1827, dogo sana lakini kaeni msubiri nafasi. Na kiangazi ulizieni meggyleves, supu ya baridi ya cheri chachu na krimu, inaletwa kabla ya chakula, mimi nilidhani wamekosea wakaniletea ya mwisho mwanzo lakini kwenye lile joto ilinifaa mno.
Kuhusu bili, angalieni kama wameshaweka szervizdíj, ada ya huduma. Ikishakuwepo hamna haja ya kuongeza bakshishi. Na ukimpa mhudumu noti ukisema köszönöm, yaani asante, wengi wanaelewa chenji abaki nayo, kwa hiyo taja kwanza kiasi unacholipa.

Mwanzisha uzi:
Safi sana dada. Niongeze lángos, unga wa hamira unakaangwa bapa kwenye mafuta kama andazi lililotandazwa, wanapaka maji ya kitunguu saumu, krimu chachu na jibini. Zipo juu kwenye soko kuu la Nagyvásárcsarnok lililofunguliwa 1897, ila za ufukweni ziwa Balaton ukitoka kuogelea una njaa ndo zenyewe.

Mama Mpishi wa Tegeta:
Wanangu, mimi nilikaa huko zamani na mume wangu akisoma, na mpaka leo napika paprikás csirke, kuku wa paprika, hapa Dar. Siri ni vitunguu, vingi, vikatwe vidogo, vikaangwe taratibu mpaka vilainike kabisa bila kubadilika rangi. Halafu toa sufuria motoni ndipo utie paprika, ina sukari ikiungua inakuwa chungu na chakula chote kimeharibika. Tia maji kidogo, rudisha, weka kuku, mwisho krimu chachu iliyochanganywa na unga kijiko. Mimi natumia mtindi mzito. Wao wanakula na nokedli, vidonge vidogo vya unga na mayai, wanangu wanaula na wali.

Mjaluo wa Debrecen:
Mama, nikikuja Disemba nikuletee paprika gani?

Mama Mpishi wa Tegeta:
Ya Szeged au Kalocsa mwanangu, iandikwe édesnemes, hiyo ndiyo tamu. Csípős ni kali, lete kidogo tu. Na uifunge vizuri isipigwe na mwanga, rangi inakufa.