Nimezaliwa Malindi ya Unguja, mlangoni mwa tamasha naambiwa JAMBO!

Mtoto wa Malindi:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka pale sasa hivi, hata saa haijatimia. Tamasha silitaji. Yule wa mlangoni simtaji pia. Mnamjua. Yule mwenye miwani ya jua saa tatu usiku.

Nimefika na pesa yangu mkononi, nimeikunja vizuri, bei ya mwenyeji kamili, sitaki chenji. Nimepanga foleni nyuma ya Wazungu kumi na mmoja na mtoto wao anayelia. Zamu yangu ikafika. Nikatoa salamu ya watu: assalaam alaykum. Yeye kafungua mikono yote miwili kama anapokea meli ya watalii, akaimba: "Jaaaamboooo!"

Kaimba. Mimi. Jambo.

Kitovu changu kimezikwa Malindi. Babu yangu alikuwa akiuza ng'onda pale wakati majahazi ya kaskazi yakijaa bandarini. Bibi yangu Mngazija. Mama upande wa pili kuna Mhindi, kuna Mshihiri, kuna Mmakunduchi, ukitutikisa tunadondosha kila kabila. Basi nikameza mate nikamwambia, "Bwana mdogo, mie mtu wa hapa, nipe tiketi ya mwenyeji."

Hapo ndipo aliponiua. Akamgeukia mwenziwe: "Umemsikia? Huyu kakaa sana hapa, Kiswahili chake kizuri!" Akanipigia makofi. Makofi matatu. Nimeyahesabu.

Yakhe, mtu wa Unguja anasifiwa Kiswahili! Na Unguja kwenyewe!

Kitambulisho nimekiacha nyumbani, nani anabeba kitambulisho kwenda kusikiliza muziki hatua mia nne kutoka kwake? Kwa hiyo nimelipa bei ya mgeni. Nimefungwa utepe wa njano mkononi, wa wageni. Mke wangu mtu wa Songea, ana miaka miwili tu hapa kisiwani, yeye alitangulia: "Karibu dada," utepe wa kijani, kapita. Nimemkuta ndani ananicheka mpaka kaegemea ukuta.

Mji huu Diwali nakula ladu Hurumzi. Krismasi kengele za Minara Miwili zinaniamsha. Ashura Waithnaashari wakipita Kiponda nawapisha njia. Mfunguo Sita nipo Mtendeni kwenye Maulidi ya Homu tangu nina meno ya utotoni. Hakuna hata mahali pamoja nilipowahi kusifiwa Kiswahili. Makofi matatu, wakuu!

Bint_Mkunazini:
Jambo!

Kijiti cha Mshakiki:
Jambo bwana, habari gani, Kiswahili chako kizuri sana, umejifunza wapi?

Papasi Mstaafu:
Nimekaa siti ya mbele na njugu zangu. Swali moja tu kabla hatujamhukumu yule kijana. Ulivaa nini?

Mtoto wa Malindi:
Nguo za kawaida. Kuna joto.

Papasi Mstaafu:
Nguo za kawaida zipi? Mimi nimefanya kazi ya kusindikiza watalii miaka mingi, mtu namjua kwa viatu tu akiwa bado yuko Forodhani. Sema.

Mtoto wa Malindi:
Kaptura. Lakini ndefu, inafika magotini.

Bint_Mkunazini:
Ya maua?

Mtoto wa Malindi:
Maua madogo. Ni zawadi ya mkwe wangu. Na kofia ya ukili kwa sababu nina kipara na usiku kuna umande. Haya yanahusiana nini na makofi matatu?

Papasi Mstaafu:
Na begi la mgongoni?

Mtoto wa Malindi:
Lilikuwa na maji ya kunywa na sweta la mke wangu!!!

Kijiti cha Mshakiki:
Kesi imefungwa. Kijana hana kosa. Mimi ningekuuzia na picha ya tingatinga.

Mzee wa Kiponda:
Msimcheke mwenzenu. Huyo wa mlangoni namjua, ni huyo huyo aliyemwambia shangazi yangu "karibu Zanzibar". Shangazi ana miaka sabini na sita na mara ya mwisho kuvuka bahari alikwenda Pemba harusini.

Mtoto wa Malindi:
Mnaona?! Mzee anamjua! Mimi si mgeni wa matamasha. Sauti za Busara ilipoanza 2004 nilikuwepo Ngome Kongwe, nimekaa chini kwenye majani. Bi Kidude nimemwona jukwaani kwa macho yangu, Mungu amrehemu. 2016 ilipokosa pesa ikaahirishwa nilikaa nyumbani kama nimefiwa. (Si tamasha hilo ninalolilalamikia, msinitie maneno mdomoni.) Tamasha la majahazi, lile la filamu, nimewahi kulala na kukoroma filamu tatu mfululizo na hakuna aliyeniamsha kwa Jambo.

Mlandege Damu:
Tupia picha ya kaptura. Uzi bila picha haunogi.

Nipo Mutrah:
Ndugu yangu, pole. Mie niko Muscat huu mwaka wa kumi na mbili. Huku nikifungua mdomo wananisifu Kiarabu changu. Nikija likizo Unguja wananisifu Kiswahili. Sasa mie nikalale wapi, katikati ya bahari?

Bint_Mkunazini:
Lala kisiwani Chumbe.

Urojo wa Jioni:
Nyie mnalilia salamu, sisi tuna msiba. Kuna mtu, simtaji, anauza urojo karibu na pale pale. Wiki ya tamasha bei inapanda na bakuli linapungua. Juzi nimepewa kachori moja. MOJA. Inaelea peke yake kama ngalawa iliyopotea. Bajia nimezitafuta kwa kijiko mpaka nikagusa chini. Nikamuuliza, mama, viazi viko wapi? Ananijibu, "vimeyeyuka".

Mzee wa Kiponda:
Huyo naye namjua. Ukwaju anautia maji tangu zamani.

Kijiti cha Mshakiki:
Usimseme vibaya, chatne yake hakuna mji huu.

Urojo wa Jioni:
Chatne bila bajia ni dawa ya kikohozi.

Mtoto wa Malindi:
Tafadhali turudi kwenye mada. Angepiga kofi moja ningesema mbu. Makofi MATATU.

Shabiki wa Mwaka Kogwa:
Kaa kimya wewe, hujaonja dharau. Mimi ni mtu wa Makunduchi. Julai, kwenye Mwaka Kogwa, tunapoanza mwaka wetu wa jadi, tumeshapigana kwa migomba, matusi ya mwaka mzima yametoka, roho nyeupe. Kinafuata kibanda cha makuti, mtu anaingia, kinatiwa moto, anachomoka mbio. Kaka yangu ndiye aliyeingia. Kachomoka, nyusi zinanuka moshi, anakimbilia kichakani kama inavyotakiwa. Mgeni mmoja mwenye kamera ndefu kama bazuka akamshika bega: "Rudi tena ndani utoke, sikupata picha."

Rudi tena ndani.

Papasi Mstaafu:
Alirudi?

Shabiki wa Mwaka Kogwa:
Kibanda kilikuwa jivu. Lakini aliangalia nyuma, sitakuficha, kwa sababu yule aliahidi hela.

Mvita Asili:
Nyinyi Waunguja mwapenda kulia. Huku Mombasa wiki ya sho ya kilimo ya Mkomani matatu hupandisha nauli mpaka wewe wadhani wanunua gari. Na kondakta mmoja, kila mtu amjua, yule wa jino la dhahabu, alinishusha na watoto wanne hata Nyali hatujafika, ati "sho imefika". Sho gani? Twatembea jua la utosi, mdogo ataka choo, mkubwa ataka kumwona ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe mwenyewe tulimpata amelala.

Mlandege Damu:
Ng'ombe wa Mkomani anakuja kufanya nini kwenye uzi wa Malindi?

Mvita Asili:
Na Mwaka Kogwa waja kufanya nini? Uzi ni wa wote.

Punda wa Amu:
Na mimi niseme la Maulidi ya Lamu, mashindano ya punda...

Mlandege Damu:
Hapana. Punda hapana.

Mtoto wa Malindi:
Jamani, MAKOFI. Nimeamka usiku huu kunywa maji nimeyasikia tena masikioni. Pa, pa, pa.

Bint_Mkunazini:
Kaka, lala. Kesho vaa kanzu urudi pale umwambie yeye Jambo.

Mtoto wa Malindi:
Nimelifikiria hilo. Mke wangu kasema nikivaa kanzu na hii kofia ya ukili atanipigia makofi yeye.

Sabaa wa Vikokotoni:
Sikukuu nazo je? Idi iliyopita nimewapeleka wanangu Mnazi Mmoja, nguo mpya, viatu vinabana. Kila mtoto kapita kwa wajomba kupewa sikukuu yake, hela ya Idi. Mjomba mmoja, anajijua, nyumba ya ghorofa, gari mbili, kawapa peremende. Watu wazima tunaelewana, mtoto utamwambiaje? Mdogo kampelekea mwenye bembea ile peremende kama nauli.

Kijiti cha Mshakiki:
Akapanda?

Sabaa wa Vikokotoni:
Akapanda. Mwenye bembea ana utu kuliko ndugu.

Mwana wa Chukwani:
Mnalia na peremende, mimi sufuria. Sufuria langu kubwa la pilau, la kilo ishirini, nililoachiwa na marehemu mama, limeazimwa kwa ajili ya maulidi. Mfunguo Sita ule, tukaingia Saba, Nane, Rajabu ikapita, Ramadhani nimepika futari ya wageni kwa masufuria matatu madogo kama napikia paka. Halijarudi. Aliyeazima anajijua na naamini yumo humu anasoma. Nikipiga simu anasema "nakuja, niko njiani". Njia gani ya miezi saba?

Mzee wa Kiponda:
La shaba au la bati?

Mwana wa Chukwani:
La shaba! Ungekuwa wewe ungelirudisha? Lina mashikio mawili na moja limekazwa kwa waya.

Urojo wa Jioni:
Masufuria ya maulidi yana kwao. Langu lilikaa Jang'ombe mwaka, lilirudi na kutu na mfuniko wa mtu mwingine.

Bint_Mkunazini:
Mfuniko wa mtu mwingine! Kwa hiyo kuna mtu naye analalamika mahali.

Mtoto wa Malindi:
Dada wa Chukwani, huo waya ni mwekundu?

Mwana wa Chukwani:
Mwekundu! Umeliona wapi?!

Mtoto wa Malindi:
Nyumbani kwa shemeji yangu Mtendeni. Wamepandia mrehani. Mimi nilidhani ni chungu cha maua, tena nikausifu. Ngoja nipige simu.

Mwana wa Chukwani:
Piga sasa hivi. Mrehani! Nasubiri hapa hapa, silali.