Mliosoma digrii kwa mtandao mkiwa nyumbani, tupeane uzoefu

Ticha wa Namtumbo
Habari za jioni wakuu. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili kwa mtandao, naanza muhula ujao huku naendelea kufundisha. Chuo kimetuma mwongozo mrefu: namna ya kuingia kwenye mfumo, kupakia kazi, kubadili pasiwadi. Huo nimeuelewa. Nataka yale ambayo hayamo humo. Ninyi mliopita huko, nini kiliwatesa? Nina simu nzuri, laptopu ya mtumba, mke na watoto watatu.

Fundi Saketi
Hiyo laptopu ya mtumba, chomoa chaja sasa hivi uone. Ikizima papo hapo, anzia hapo. Wanachuo wanaoniletea laptopu kilio chao ni kimoja: umeme umekatika mtu yuko katikati ya jaribio. Nunua betri kabla ya kitu kingine chochote. Kama una ruta, igeuze usome volti zake kwa chini. Nyingi ni 12, na kuna betri ndogo za kuziwasha umeme ukiondoka.

Bintimkoa
Betri kwanza. Naunga mkono.

Kijana wa Mbagala
Napinga. Mimi nasoma kwa simu na sijakwama. Pakua programu ya Moodle, ule mfumo wa masomo ambao vyuo vingi hutumia, shusha maandiko yote kwa bando la usiku, mchana unasoma bila intaneti. Zoom zima video, sikiliza sauti tu, maana saa moja ya video inaweza kula karibu GB nzima. Hela ya betri tia bando.

Fundi Saketi
Na tasnifu ataiandika kwa kidole gumba? Mwenzio anasoma uzamili.

Kijana wa Mbagala
Nimeandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo yote kwa simu, na nimefaulu. Fundi anatafuta wateja hapa.

Mswahili wa Maskati
Mimi niko Oman, nasoma chuo cha Uingereza. Ticha, kama chuo chako ni cha nje, angalia saa. Mfumo unafunga kwa saa za kwao, na wao husogeza saa mbele mwezi Machi na kuirudisha Oktoba. Kwa Tanzania tofauti ni saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi. Huku Maskati ongeza moja. Machi ndiyo ya hatari, kazi iliyokuwa inafungwa saa fulani inafungwa mapema kwa saa nzima na hakuna anayekukumbusha. Nimenunua saa ya pili ya ukutani, ipo juu ya meza, inakwenda kwa saa za chuo.

Mama Nassra
Mmenikumbusha mbali sana.

Mwongozo wetu uliandika "tafuta chumba tulivu", basi. Mimi nilikuwa nimejifungua, niko ndani ya arobaini, Tanga kwa wakwe. Mtihani wa kamera: unaonyesha kitambulisho, unazungusha kamera chumba kizima mpaka chini ya kitanda, kisha asionekane mtu wala isisikike sauti mpaka umalize. Nilijiandaa jamani. Laini mbili za mitandao tofauti, pawabenki imejaa, karatasi mlangoni imeandikwa MTIHANI kwa herufi kubwa. Mtoto kanyonya, kabebwa na wifi. Mume alikuwa kazini na aliahidi atampigia mama yake amweleze.

Hakupiga.

Nipo swali la kumi na kitu, mlango huo, mama mkwe na bakuli la uji wa pilipili manga mkono huu, mkono huu mtoto anayelia. Nikamwashiria kwa mkono. Akasema, tena kwa sauti ya kuita watu, "Hicho kidude chako ndicho kilichozaa huyu?" Akaweka bakuli juu ya karatasi zangu, akanipakata mtoto, akaketi kitandani kuhakikisha ananyonya. Kioo kikatoa mstari mwekundu: mtu mwingine chumbani. Dakika zinakwenda. Nikanyonyesha kwa mkono wa kushoto, nikajibu kwa wa kulia, machozi yananitoka, na yeye ananiambia ninywe uji usipoe. Maswali yote nilimaliza.

Matokeo yalipotoka somo lile limezuiwa, naitwa kwenye kamati ya nidhamu kwa tuhuma za kusaidiwa. Kusaidiwa takwimu na mama mkwe!

Bintimkoa
Mungu wangu. Pole dada.

Kaka wa Makorora
Mwenye lawama hapo ni mume. Simu ya dakika moja tu.

Mzazi wa Handeni
Bibi hana hatia. Mjukuu analia, mzazi hajala, ulitaka akae nje asome karatasi mlangoni? Na arobaini ni ya kupumzika, mtihani wa nini? Ungeahirisha.

Mama Nassra
Shangazi, kuahirisha kwetu ni kungoja mwaka mzima na kulipa tena ada ya somo. Na mkwe wangu simlaumu. Aliponiona nalia usiku akauliza, nikamweleza, akalia na yeye. Mtihani wa marudio alikaa nje ya mlango kwenye kigoda, hakupita hata paka.

Nyundo
Yote hayo kwa digrii ambayo waajiri hawaitaki. Za mtandaoni ni za kununua.

Mzee wa Kinondoni
Nyundo, usitukane jasho la watu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994. Sisi tulisoma vitabu vya karatasi kwa koroboi baada ya kazi, mtihani tukafanyia ukumbini kwenye kituo cha mkoa. Wakenya nao Chuo Kikuu Huria chao kilipewa hati 2023. Cha kuuliza ni kama chuo kinatambuliwa. Ticha, kama ni cha nje, uliza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kabla hujalipa hata shilingi ya ada.

Ticha wa Namtumbo
Nashukuru mzee, nitauliza. Wengine tuendelee, tusibaki kwa mkwe.

Bwana Samaki
Mimi ni Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika. Kazi yangu ilikuwa inafungwa usiku ule. Niliipakia Ijumaa, na nikapiga picha ya kioo yenye saa na neno la kupokelewa. Wenzangu waliosubiri Jumapili walihangaika mpaka walipoongezewa muda. Tangu hapo mimi kwangu mwisho ni siku mbili kabla.

Kijana wa Mbagala
Siku mbili kabla mimi bado sijafungua swali. Nafanya usiku wa mwisho, akili inachangamka.

Mama Kijacho
Mama Nassra, nina kesi kama yako, nimeitwa kamati. Uliandika nini?

Mama Nassra
Andika leo, usingoje kuitwa mara ya pili. Taja saa na dakika mtu alipoingia, aliingia kwa nini, na omba waangalie video yote pamoja na sauti, siyo picha ile moja. Mimi niliambatanisha kadi ya kliniki ya mtoto. Njoo faragha nikutumie nakala ya barua.

Mzazi wa Handeni
Na mkwe asitajwe vibaya kwenye barua.

Kaka wa Makorora
Mume atajwe.