MJADALA: Barabara ikwepe mti wa majini?

Wakuu, kuna kisa cha Ireland kinanitatiza.

Mwaka 1999, huko Clare, barabara kuu mpya ilipangwa kupita Latoon, penye kichaka kimoja cha miiba, kile kinachotoa maua meupe mwezi Mei. Msimulizi wa hadithi za jadi, Eddie Lenihan, akaliandikia gazeti la Irish Times: hapo ndipo majini wa mkoa wa Munster hukusanyika wakienda kupigana na wale wa mkoa wa Connacht, kikikatwa balaa litawapata wapita njia. (Nasema majini kwa kukosa neno. Wenyeji huwaita "watu wema", wasije wakaudhika.) Watu walicheka, lakini barabara ikapita pembeni na kichaka kikawekewa uzio. Mwaka 2002 mtu akaja na msumeno wa mashine, akafyeka matawi. Kikachipua tena.

Mimi nasema hofu ile imefanya kazi ya sheria. Ireland ina makumi ya maelfu ya maboma ya kale ya mviringo, tuta la udongo na handaki, mengi ya kati ya mwaka 500 na 1000. Ni maboma kweli, waliishi humo wafugaji na ng'ombe wao. Ila watu husema sasa ni ya majini, na mkulima akifika hapo anazungusha trekta. Hajasoma akiolojia, anaogopa mifugo yake isife.

*

Mkuu, unapamba. Vijana wasioogopa wameshasawazisha maboma mangapi kwa tingatinga? Halafu mwaka 2017 mbunge wa Kerry, Danny Healy-Rae, alisema barabara ya N22 inatitia kwa sababu ya maboma ya majini. Mbunge! Barabara ikititia anaitwa mhandisi. Hiyo ni kodi ya watu.

*

Mtoa hoja tena. Haya, sheria ilifanya nini Tara, kilima cha wafalme wa kale? Walipojenga barabara ya M3, mwaka 2007 wakakuta Lismullin, karibu na hapo, duara kubwa la mashimo ya nguzo, la Enzi ya Chuma. Wakachimba, wakapima, wakaandika ripoti, wakamwaga lami. Mwaka 2010 magari yakaanza kupita. Kila kitu kilifuata taratibu. Kichaka cha Latoon hakikuwa na ripoti, na kipo.

*

Mimi niko Nairobi. Mugumo wa Waiyaki Way, mti ambao kwa Wakikuyu ni mtakatifu, mwaka 2020 ulikuwa uondolewe kupisha ile barabara ya juu. Watu wakapiga kelele, ukapona kwa amri ya rais. Wengi wanaopita pale ni watu wa kanisani, hawana habari ya kuchinja mbuzi chini ya mti. Lakini waambie mmoja wao ashike msumeno aanze yeye. Hata wewe unayetaja kodi, ungeanza?

*

Ningeanza, kwa nini nisianze. Ila mchana.